Ubongo hauna ghala: mwongozo kamili wa kuufahamu na kuutunza

Nyumba isiyo na ghala la mahindi hula kwa gorogoro. Leo hununua, kesho hurudi sokoni, na siku soko likifungwa watoto hulala njaa. Ubongo wa binadamu huishi hivyo hivyo. Misuli ina akiba yake ya sukari, ini lina yake, na mafuta yako tele chini ya ngozi, lakini ubongo karibu hauna kitu. Una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, yaani kama asilimia 2 ya mwili wa mtu mzima, na bado hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili uliopumzika. Kila dakika hupokea damu kama mililita 750 inayouletea oksijeni na sukari. Damu hiyo ikikatika kabisa, mtu huzimia baada ya sekunde 10 hivi, na baada ya dakika 4 au 5 seli huanza kufa.

Ukilishika hilo, mengi yaliyomo hapa utayakisia mwenyewe. Kisumu, Busia, Kakamega au Nakuru, ubongo mara nyingi huharibiwa na kitu kinachofunga njia ya kwenda sokoni: mshipa uliopasuka, mshipa ulioziba, sukari iliyoshuka, pigo la barabarani, vimelea vya malaria. Na mengi kati ya hayo yanapimika au yanazuilika nyumbani.

Kilicho ndani ya fuvu

Seli za neva ni kama bilioni 86. Kila moja ina matawi yanayopokea ishara na mkia unaozipeleka mbele kwa umeme. Mkia wa seli moja na tawi la nyingine kwa kawaida havigusani. Kati yake kuna mwanya mwembamba mno uitwao sinapsi, na ishara huuvuka kwa kemikali. Mikia mingi imevikwa utando wa mafuta, mayelini, kama plastiki inavyovika waya wa stima, na katika mikia minene yenye utando huo ishara huweza kukimbia hadi mita 100 kwa sekunde. Unapojifunza jambo, sinapsi zake huimarika: njia inayopitwa kila siku hupanuka kama kijia cha kwenda mtoni, na isiyopitwa huota majani.

Ubongo mkubwa ndio ule wenye mikunjo. Nusu yake ya kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na ya kulia huongoza kushoto. Kwa watu wengi lugha hukaa kushoto, ndiyo maana anayepooza upande wa kulia mara nyingi hushindwa pia kusema. Daktari Mfaransa Paul Broca alianza kulionyesha hilo mwaka 1861, alipochunguza ubongo wa mgonjwa aliyekuwa akitamka silabi moja tu, "tan". Nyuma ya paji la uso ndiko kunakopangwa mambo na kuzuiwa pupa. Sehemu hiyo huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20 na kitu, kwa hiyo kijana wa miaka 17 aliyepewa pikipiki anaweza kuwa hodari wa mikono huku breki za uamuzi zikiwa hazijakaza. Kisogoni kuna ubongo mdogo unaoshika mizani na kulainisha mwendo. Mbele yake ni shina la ubongo linaloendesha kupumua na mapigo ya moyo, nalo halipumziki hata usiku.

Ndani zaidi kuna hipokampasi, moja kila upande, mlango wa kumbukumbu mpya. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alikatwa sehemu hizo pande zote mbili ili kutibu kifafa chake. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi tukio jipya: angesalimiana na mtu, na baada ya muda mfupi angemsalimu tena kama mgeni. Hata hivyo mikono yake iliendelea kujifunza ustadi mpya. Hapo ndipo wanasayansi walipoona kwamba kukumbuka jambo na kuzoea kazi havihifadhiwi mahali pamoja.

Hatua ya kwanza: pima presha, na uipime vizuri

Tungeruhusiwa kutoa shauri moja tu, lingekuwa hili. Presha ya juu huichakaza mishipa midogo ya ubongo kwa miaka mingi bila maumivu yoyote. Wengi husubiri kichwa kiume ndipo waende kupima, na hapo hukosea, kwa sababu wengi wenye presha hawaumwi na chochote. Mshipa uliochakaa hupasuka au huziba. Na hata usipofika huko, viharusi vidogo visivyoonekana hujilimbikiza hadi mzee aanze kupotea njia ya nyumbani.

Kuanzia miaka 18 pima angalau mara moja kwa mwaka. Vipimo vingi hutoka vibaya kwa sababu ya haraka, basi fuata utaratibu huu:

1. Nusu saa kabla ya kupima usinywe chai wala kahawa, usivute sigara, usipande mlima. Nenda haja ndogo kwanza, kwani kibofu kilichojaa hupandisha presha.
2. Keti dakika 5 kimya, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijapishana.
3. Funga mkanda kwenye mkono mtupu, si juu ya sweta. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo. Ukiuacha uning'inie, namba hupanda bure.
4. Usizungumze. Maongezi peke yake yanaweza kuongeza pointi 10.
5. Pima mara mbili, ukiacha dakika 1 hadi 2 katikati, na uandike vipimo vyote viwili pamoja na saa.

Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha kubwa isiyokuwepo, basi mwenye mkono mnene aombe mkanda mpana. Zahanatini, 140/90 au zaidi siku mbili tofauti ni presha ya juu. Nyumbani kipimo ni 135/85, na cha kutegemewa ni wastani wa siku 7, asubuhi na jioni, ukiacha siku ya kwanza. Ukiona 180/120 pamoja na maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, kifua kubana au kuchanganyikiwa, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Kosa kubwa huja baada ya dawa kuanza kufanya kazi. Namba inarudi 128/80, mgonjwa anasema amepona, anaacha vidonge, na baada ya miezi michache anaokotwa sakafuni. Namba ni nzuri kwa sababu vidonge vipo. Vikikuletea kikohozi kikavu au miguu kuvimba, rudi ubadilishiwe. Aina ni nyingi.

Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hapo imo ile ya sufuriani, ya mezani, ya mkate, ya viungo vya mchuzi vya pakiti na ya samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Magadi yanayolainisha kunde na mrenda nayo ni sodiamu, tena wengi hawayahesabu. Yapunguze.

Watoto wenye selimundu tuwataje kando, kwa sababu ugonjwa huo ni mwingi katika ukanda wa ziwa. Seli zao za damu hujikunja na kuziba mishipa, na mtoto anaweza kupata kiharusi kabla hajatimiza miaka 10. Asikose kliniki, na mzazi aulize kuhusu dawa iitwayo haidroksiurea.

Kiharusi kikija: uso, mkono, maneno, muda

Mwambie atabasamu: je, upande mmoja wa uso umelegea? Ainue mikono yote miwili na kufumba macho: je, mmoja unashuka? Aseme sentensi anayoijua: je, maneno yanakokota? Ishara moja tu inatosha. Kupoteza mizani ghafla au jicho moja kuzima ghafla navyo ni ishara.

Cha kwanza, tazama saa na uandike ni lini mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Daktari atauliza hilo kabla ya mengine yote, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu. Mlaze kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo. Usimpe maji, uji wala kidonge, kwa kuwa koo lake linaweza kuwa limepooza na kila kitu kikaingia mapafuni. Usimpe aspirini: inasaidia mshipa ulioziba na inaweza kumuua ambaye mshipa umepasuka, na bila picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, hakuna awezaye kujua ni upi. Usimpe dozi ya ziada ya dawa ya presha. Ule ujumbe unaozunguka kwenye simu wa kutoboa vidole kwa sindano hauna faida yoyote na unapoteza dakika. Kama ana kisukari na kuna glukomita, kile kifaa cha kupima sukari ya damu, pima, kwa sababu sukari iliyoshuka huweza kuiga kiharusi kabisa.

Kisha ondokeni. Piga 999 au 112, lakini kama ambulensi iko mbali na gari la jirani liko uani, chukueni gari. Ulizeni kwa simu mkiwa njiani ni hospitali gani ya rufaa ambayo mashine yake ya CT inafanya kazi leo. Hapo ndipo wengi hupoteza saa nzima: wanaanzia zahanati ndogo, wanahamishiwa nyingine, wanaambiwa mashine imeharibika. Kiharusi kinachopita chenyewe baada ya dakika 20 nacho kinahitaji hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku mbili.

Helmeti na pigo la kichwa

Ubongo ni laini kama siagi iliyokaa nje, nao unaelea ndani ya maji kwenye chombo kigumu. Pikipiki ikigonga, fuvu husimama ghafla na ubongo huendelea na safari. Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42 na hatari ya majeraha ya kichwa kwa kama asilimia 69. Sheria ya trafiki ya Kenya inawataka dereva wa boda na abiria wake, wote wawili, waivae.

Helmeti ya kazi ina povu gumu ndani, lile la kupondeka. Kofia nyembamba ya plastiki isiyo na povu ni pambo tu. Ivae hadi ikae vidole viwili juu ya nyusi, ufunge kamba hadi ibaki nafasi ya vidole viwili chini ya kidevu, kisha ujaribu kuisukuma nyuma. Ikivuka paji la uso, si saizi yako. Iliyowahi kugonga lami itupwe hata kama nje haina ufa, kwa sababu povu likishapondwa halirudi. Abiria anayeogopa jasho la watu au chawa afunge leso ya pamba kwanza. Ni wasiwasi wa haki, na unatatuliwa kwa shilingi chache.

Aliyepigwa kichwa akazinduka asiachwe peke yake kwa saa 24. Kuna aina ya kuvuja damu ambayo mtu huamka, huongea, hata hula, halafu baada ya saa chache hulegea na kufa. Mrudishe hospitali mbio akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyenzake, maji maangavu yakitoka puani au sikioni, akitetemeka, au ukishindwa kumwamsha. Anaruhusiwa kulala, ila mtu alale chumba hicho na kumwamsha mara moja moja. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni. Pombe hapana.

Kifafa, nguruwe na choo

Mtu akianguka na kutetemeka, tazama saa, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka nguo laini chini ya kichwa, na mgeuze ubavu mara uwezapo. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko mdomoni. Hawezi kumeza ulimi wake, lakini anaweza kuvunja meno au kukung'ata vidole. Ikipita dakika 5, au akianza tena kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali. Povu lake haliambukizi mtu, basi msiogope kumgusa. Na anayemeza dawa asiikatishe ghafla, hata akikaa mwaka bila kuanguka.

Magharibi mwa Kenya kuna chanzo cha kifafa ambacho tunataka kila boma likijue: tegu wa nguruwe. Wengi hufikiri kwamba nyama mbichi ya nguruwe ndiyo hupeleka minyoo kichwani. Sivyo ilivyo. Ukila nyama isiyoiva yenye vifuko vyeupe kama punje za mchele, unapata tegu tumboni. Tegu huyo hutaga mayai yanayotoka na kinyesi chako. Ni mayai hayo, yakimezwa na mtu kupitia mikono michafu, maji au mboga, yanayoanguliwa, kuingia kwenye damu na kujenga vifuko ndani ya ubongo. Kwa hiyo Mwislamu asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua kwa sababu ya jirani asiye na choo.

Hivyo basi: choo kila boma na kila mtu akitumie, nguruwe wafungiwe bandani wasile kinyesi, nyama ikaguliwe na mkaguzi, ipikwe hadi ndani isiwe na wekundu, mikono ioshwe kwa sabuni, na sukuma iliyokuzwa kando ya mto ioshwe vizuri kabla ya kukatwa. Mtu mzima anayeanza kuanguka kifafa ghafla apigwe picha ya kichwa kabla ya kupelekwa kwa mwombezi. Na asimeze dawa ya minyoo kwa kujinunulia, kwa sababu vifuko vikifa kwa pamoja ubongo unaweza kuvimba.

Malaria nayo ipo. Kimelea cha falsiparamu hufanya seli za damu zigande kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Mtoto mwenye homa aliyeingia degedege, anayelala sana au asiyeweza kunyonya, asubiriwe na nani? Mbebe umpeleke sasa hivi apimwe malaria na sukari. Baadhi ya wanaopona malaria ya ubongo hubaki na kifafa au ugumu wa kujifunza, ndiyo maana neti kila usiku na chanjo ya malaria, inayoanza mtoto akitimiza miezi 6, ni ulinzi wa ubongo. Homa pamoja na shingo kukakamaa ni safari ile ile.

Chakula

Hakuna tunda wala unga unaoongeza akili, na anayekuuzia huo anakupunja. Kinachofaa tunacho: samaki mara mbili kwa wiki, na omena ni bora na rahisi kuliko minofu ya mbuta, mboga za kienyeji kama managu, saga na kunde, maharagwe, njugu, wimbi. Mwenye kisukari akitoka jasho, akitetemeka au akichanganyikiwa, na sukari iko chini ya 4 (mmol/L kwenye glukomita), apewe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni.

Kwa mwanamke anayetarajia kupata mimba kuna jambo lenye tarehe. Mrija wa neva wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, kabla wengi hawajajua kuwa wana mimba. Kwa hiyo foliki asidi ya miligramu 0.4 kwa siku ianze angalau mwezi mmoja kabla. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe virutubisho, foliki asidi ikiwemo, lakini mahindi yako mwenyewe yaliyosagwa kwa posho mil hayana nyongeza hiyo. Vidonge ndivyo vya kuziba pengo.

Chang'aa iliyochanganywa na methanoli huua neva za macho na mtu mwenyewe. Hakuna ladha wala harufu itakayokuonya.

Usingizi na masomo

Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9, kijana wa sekondari 8 hadi 10. Usiku ndipo ubongo unapoyapanga ya mchana na kuyatia kwenye hifadhi ya kudumu, kwa hiyo mwanafunzi anayekesha kuamkia mtihani amelima bila kupanda. Nusu ya kafeini ya chai ya saa kumi na moja jioni bado imo mwilini saa nne usiku. Wavuvi wa usiku, walinzi na waliotoka kukesha matangani wasishike usukani asubuhi kabla ya kulala.

Mpango wa kusoma unaofanya kazi ni huu. Soma mada leo, kesho funga kitabu na uandike unachokumbuka, ndipo ufungue kurekebisha. Rudia hivyo siku ya 4, siku ya 8, na baada ya wiki mbili. Kusoma kurasa zile zile mara tano kwa mpigo hutoa raha ya kujiona unajua, lakini ni ule mkazo wa kujikumbusha unaoimarisha sinapsi.

Mwili nao utembezwe dakika 150 kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Mzee anayesahau

Kusahau jina la mtu kisha kulikumbuka jioni ni kawaida. Kuuliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa, au kupotea njia aliyoitembea miaka 40, si uzee tu. Kabla ya kukata tamaa, hakikisheni yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi la shingo lisilofanya kazi vizuri, VVU, kaswende, huzuni ndefu baada ya kufiwa, dawa zinazogongana, masikio. Asiyesikia vizuri hukaa kimya, akatengwa na maongezi, na ubongo wake ukakosa kazi. Kutosikia kusikotibiwa ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu.

Na muulizeni kama alianguka, hata kidogo, hata miezi miwili iliyopita. Kwa mzee, mshipa mdogo juu ya ubongo unaweza kuvuja polepole kwa wiki nyingi, akaanza kuchanganyikiwa au kuburuta mguu wakati familia imeshasahau ile siku aliyojigonga mlangoni. Damu hiyo hutolewa kwa upasuaji mdogo, na wengi hurudi kuwatambua wajukuu. Mkienda kliniki, bebeni vidonge vyake vyote ndani ya mfuko mmoja, hata vya mitishamba, daftari la presha, na mtu anayeishi naye kila siku. Mtoto aliyekuja jana kutoka Nairobi hawezi kueleza yalianza lini.